Mzigo umefika, pesa haijafika: jinsi ya kuandaa ankara ambayo mhasibu wa kampuni ataipitisha

Siku hizi si jambo la ajabu kukuta kikundi cha kina mama wa Soitsambu kinauza mikufu na bangili za shanga kwa njia ya simu. Picha zinawekwa mtandaoni, mteja anachagua, analipa, na mzigo unapakiwa kwenye basi la kwenda Arusha. Mnunuzi akiwa mtu binafsi, biashara huisha siku hiyohiyo.

Mnunuzi akiwa hoteli ya kitalii, kampuni ya kuongoza watalii, hospitali au shirika, mambo hubadilika. Mzigo unafika, watu wanausifia, kisha kimya. Ukipiga simu unaambiwa, "Ankara yenu iko kwa mhasibu." Wiki ya tatu unaambiwa imerudishwa kwa sababu haina namba fulani. Unaituma upya, na foleni inaanza mwanzo.

Kwa eneo letu ucheleweshaji huo unaumiza zaidi. Biashara ya wageni upande wa kaskazini mwa Serengeti huchangamka kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapokuwa karibu na mpaka wa Kenya. Ankara ya Oktoba ikirudishwa mara mbili, fedha huingia msimu umekwisha, na kikundi kinakosa mtaji wa kununua shanga za msimu unaofuata. Mara nyingi mnunuzi hakukusudia kudhulumu. Karatasi tu ndiyo iliyokwama.

Katika makala hii tunaeleza mhasibu anatafuta nini kwenye ankara, sheria za kodi za Tanzania zinasemaje, na namna ya kurekebisha duka lako la mtandaoni ili ankara itoke ikiwa tayari kuidhinishwa.

Anayechagua siye anayelipa

Katika kampuni, aliyependa mkufu wako ni meneja wa duka la hoteli. Anayeidhinisha malipo ni mhasibu aliyeko Arusha au Dar es Salaam. Hajauona mkufu, hakujui, wala hakusikia mlivyokubaliana kwa simu. Anachokiona ni karatasi. Siku mkaguzi akija, yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini fedha ilitoka.

Kwa hiyo ankara nzuri humjibu mhasibu maswali matano bila kumlazimu kupiga simu:

1. Nani anadai?
2. Nani anadaiwa?
3. Nani aliagiza, na kwa kibali gani?
4. Je, mzigo umepokelewa kweli?
5. Ni kiasi gani, na kilipwe wapi?

Swali moja likikosa jibu, ankara inawekwa pembeni. Mhasibu ana ankara nyingine nyingi mezani, na ataanza na zile ambazo hazina maswali.

Hati tatu lazima zikubaliane

Ofisi nyingi zenye utaratibu hulinganisha hati tatu kabla ya kulipa.

Ya kwanza ni LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa. Huandikwa na mnunuzi na huonyesha bidhaa, idadi na bei iliyokubaliwa. Ya pili ni hati ya kukabidhi mzigo, ambayo aliyepokea husaini na kuandika tarehe. Ya tatu ni ankara yako.

Zikitofautiana hata kidogo, malipo husimama. Tuseme LPO inasema mikufu 40. Mzigo ulipofika, miwili ilikuwa imekatika uzi, mpokeaji akasaini kwamba amepokea 38. Wewe ukadai 40 ukiamini miwili utaileta baadaye. Mhasibu hawezi kulipa 40, na mara nyingi hatalipa hata 38, kwa sababu hana ruhusa ya kubadilisha ankara yako. Dai 38 zilizopokelewa. Miwili utakapoileta, iandikie ankara yake, ukitaja LPO ileile.

Nauli ya mzigo nayo hukwamisha wengi. Duka la mtandaoni huongeza gharama ya usafirishaji lenyewe mwishoni, lakini LPO haikuitaja. Dawa yake ni proforma. Kabla ya LPO kuandikwa, mtumie mnunuzi proforma yenye kila gharama, pamoja na nauli ya basi, ili LPO itoke na jumla ileile utakayodai. Proforma ni makadirio ya bei tu. Ukiituma mahali pa ankara, itarudishwa.

Yanayopaswa kuonekana kwenye ankara

- Neno ANKARA, au INVOICE kama ofisi ya mnunuzi inatumia Kiingereza, limeandikwa juu waziwazi.
- Namba ya ankara, isiyojirudia na inayofuatana. Namba ya oda ya duka la mtandaoni si namba ya ankara. Zote mbili zinaweza kuwepo, kila moja na jina lake.
- Tarehe, mwezi ukiandikwa kwa herufi. "3 Aprili 2025" haina utata, lakini "03/04/2025" kuna atakayeisoma kuwa Machi.
- Jina la biashara yako kama lilivyosajiliwa, namba ya mlipakodi, yaani TIN, anwani na simu.
- Jina kamili la kampuni inayonunua, anwani yake na TIN yake. Jina la kambi au la hoteli mara nyingi si jina la kampuni inayoimiliki.
- Namba ya LPO na jina la ofisa aliyeagiza.
- Maelezo ya kila bidhaa, idadi, bei ya kimoja na jumla ya mstari. Tumia maneno yaleyale ya LPO. Kama LPO imesema "mkufu wa shanga, mkubwa", usiandike jina la kupendeza ulilolipa bidhaa hiyo dukani kwako.
- Jumla kabla ya kodi, kodi kama ipo, na jumla kuu.
- Muda wa kulipa mliokubaliana, kwa mfano siku 30 tangu ankara ipokelewe.
- Jina la akaunti ya benki, namba yake, jina la benki na tawi.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Jina la akaunti lifanane na jina la juu ya ankara. Ankara ikiwa ya kikundi, halafu malipo yaelekezwe kwenye namba ya simu ya mweka hazina, mhasibu makini atakataa. Hana njia ya kujua kama mama huyo anapokea kwa niaba ya wenzake au kwa niaba yake mwenyewe. Kikundi kinachotaka kuuzia kampuni kianze kwa kufungua akaunti kwa jina lake. Na kama mna namba ya malipo ya simu, isajiliwe kwa jina la biashara.

Kodi ya ongezeko la thamani: usiiweke kama hujasajiliwa

Kodi hii, maarufu VAT, kwa Tanzania Bara inatozwa kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Lakini si kila mfanyabiashara anaruhusiwa kuitoza. Tangu Julai 2023, biashara inalazimika kujisajili pale mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100. Vikundi vingi vya shanga, asali au mbuzi viko chini sana ya hapo.

Kama hujasajiliwa, usiandike mstari wa VAT. Programu nyingi za maduka ya mtandaoni zina sehemu ya kodi, na mtu huijaza asilimia 18 akidhani ndivyo ankara ya kitaalamu inavyokuwa. Kutoza VAT bila kusajiliwa ni kosa kisheria. Isitoshe, mhasibu atatafuta namba yako ya usajili wa VAT, ijulikanayo kama VRN, asiione, na ankara itarudi. Zima sehemu hiyo ya kodi, kisha andika chini: "Hatujasajiliwa VAT."

Kama umesajiliwa, weka VRN juu na utenganishe kodi na bei. Bidhaa za shilingi 1,000,000 zina kodi ya 180,000, jumla 1,180,000. Angalia pia kama bei za dukani zimejumlisha kodi tayari. Bei ya 118,000 iliyojumlisha kodi ina bei halisi ya 100,000 na kodi ya 18,000. Ukipiga asilimia 18 ya 118,000 utapata hesabu isiyo sahihi.

Risiti ya EFD

Mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, kisha zikaenea kwa wafanyabiashara wengine. Leo ipo pia njia ya kutoa risiti hizo kwa simu au kompyuta bila mashine ya mezani, inayoitwa VFD.

Kampuni iliyosajiliwa VAT haiwezi kudai marejesho ya kodi iliyolipa kwenye manunuzi bila risiti hiyo. Ndiyo maana mhasibu huing'ang'ania. Ankara ya duka la mtandaoni, hata iwe nzuri kiasi gani, haishiki nafasi yake. Sheria inamtaka muuzaji aliye kwenye mfumo huo atoe risiti anapouza au anapopokea malipo, na mhasibu atataka kuiona pamoja na ankara.

Unapoitoa, ingiza TIN ya mnunuzi kwenye mashine. Risiti isiyo na TIN yake haimsaidii. Hakikisha pia kiasi ni kilekile cha ankara, kwa sababu kosa lililokwisha kuingia kwenye mfumo halifutwi kwa kuchana karatasi. Mhasibu anaweza kuihakiki risiti yako kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa kutumia namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti au kwa kuipiga picha alama ya mraba.

Kama mauzo yenu ni madogo na hamjui kama mnapaswa kuwa na mashine, ulizeni ofisi ya TRA inayowahudumia kabla ya kuchukua oda ya kampuni. Mwambieni mnunuzi hali yenu mapema. Kuna kampuni zenye masharti ya ndani ya kutolipa bila risiti ya EFD, na ni afadhali kulijua hilo kabla shanga hazijatungwa.

Kwa nini fedha imeingia pungufu

Wakati mwingine ankara inapita, lakini fedha inayoingia ni ndogo kuliko iliyodaiwa. Kabla ya kulaumu mtu, uliza kuhusu kodi ya zuio. Hii ni sehemu ya kodi ya mapato ambayo mlipaji hukata na kuipeleka TRA kwa niaba yako.

Kampuni inapomlipa mkazi wa nchini kwa huduma, hukata asilimia 5. Huduma ni kama ngoma ya kuburudisha wageni, mafunzo au ushauri. Kwa kuuza bidhaa kama mikufu ya shanga tu kwa kampuni binafsi, makato hayo hayapo. Serikali na taasisi zake hukata asilimia 2 kwenye malipo ya bidhaa.

Basi kama umeuza mikufu na pia kikundi kimecheza ngoma hotelini, tenganisha mistari. Ukiandika "shanga na ngoma, jumla 1,500,000", mhasibu anaweza kukata asilimia 5 ya fedha yote, yaani 75,000. Ukitenganisha shanga 1,000,000 na ngoma 500,000, makato ni 25,000 tu. Kisha omba cheti cha kodi ya zuio. Ni ushahidi kwamba kodi hiyo imelipwa kwa jina lako.

Dai kwa shilingi

Maduka mengi yanayolenga watalii yaliwekwa bei kwa dola. Machi 2025 zilianza kutumika kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi, isipokuwa kwa yale yaliyoachwa na kanuni zenyewe. Ankara kwa hoteli au kampuni iliyoko Tanzania iandikwe kwa shilingi.

Kurekebisha duka la mtandaoni

Maduka haya yametengenezwa kwa ajili ya mtu binafsi. Yanauliza jina, simu na mahali pa kupeleka mzigo, basi. Mengi yanaruhusu kuongeza sehemu za kujaza. Ongeza kitufe cha "Nanunua kwa niaba ya kampuni au taasisi". Akikibonyeza, yatokee maswali haya:

- Jina la kampuni lililosajiliwa
- TIN, na VRN kama ipo
- Namba ya LPO
- Jina la aliyeagiza na idara yake
- Anwani ya kupelekea mzigo
- Barua pepe ya idara ya fedha

Anwani mbili za mwisho ni tofauti kwa makusudi. Mzigo unakwenda kambini porini, ankara inakwenda mjini. Ankara nyingi hupotea kwa sababu ziliwekwa ndani ya boksi la mzigo zikabaki stoo.

Anayeuza kwa WhatsApp bila tovuti naye anaweza kufanya hivyo. Andika maswali hayo kama ujumbe mmoja, uuhifadhi, na umtumie kila mnunuzi wa kampuni kabla ya kuanza kazi.

Tuma ankara ikiwa faili la PDF. Picha ya karatasi iliyopigwa jioni ndani ya boma haisomeki. Kwenye kichwa cha barua pepe weka namba ya ankara na ya LPO, na uambatanishe hati ya kukabidhi mzigo na risiti kwa pamoja.

Mfano wa ankara

Huu ni mfano wa kubuni, wa kikundi kisichosajiliwa VAT:

ANKARA Na. 014
Tarehe: 6 Oktoba 2025
Kutoka: (jina la kikundi), Soitsambu, Wilaya ya Ngorongoro. TIN: …
Kwa: (jina kamili la kampuni), Arusha. TIN: …
LPO Na.: … Aliyeagiza: …
Hati ya kukabidhi mzigo Na.: … ya 2 Oktoba 2025

Mkufu wa shanga, mkubwa: 38 × 18,000 = 684,000
Bangili ya shanga: 60 × 5,000 = 300,000
Nauli ya mzigo, Wasso hadi Arusha: 30,000

JUMLA: Sh 1,014,000
Hatujasajiliwa VAT.
Malipo: ndani ya siku 30. Akaunti: (jina la kikundi), namba …, benki …, tawi …

Ikirudishwa ufanye nini

Omba sababu zote kwa maandishi, kwa mkupuo mmoja. Ujumbe mfupi na wa adabu unatosha: "Habari za kazi, ndugu mhasibu. Tumepokea taarifa kwamba ankara Na. 014 imerudishwa. Tunaomba utuandikie marekebisho yote yanayohitajika ili tuyafanye kwa pamoja. Asante."

Usitoe ankara mpya yenye namba mpya huku ile ya zamani ikiwa bado hai. Kwa mhasibu hayo ni madai mawili ya kitu kimoja, na atasimamisha yote. Futa ya kwanza kwa maandishi, kisha andika kwenye mpya: "Inachukua nafasi ya ankara Na. 014." Kama ulikwisha kutoa risiti ya EFD, fuata utaratibu wa TRA wa kurekebisha.

Uliza pia siku ambayo ofisi hufanya malipo. Kuna ofisi zinazolipa mara moja au mbili kwa mwezi. Ankara iliyofika siku moja baada ya siku hiyo husubiri mzunguko unaofuata, hata kama haina dosari.

Serikali na wanunuzi wa ng'ambo

Halmashauri, shule na vituo vya afya vya umma hununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Kikundi kinachotaka soko hilo kinapaswa kujisajili humo kwanza. Maofisa wa maendeleo ya jamii wa halmashauri ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Upande wa pili wa mpaka, hoteli za Maasai Mara ziko chini ya sheria za Kenya. Tangu Januari 2024, mamlaka ya mapato ya huko, KRA, inazitaka biashara za Kenya zithibitishe gharama zao kwa ankara za kielektroniki za mfumo wa eTIMS, na manunuzi kutoka nje ya nchi yana utaratibu wake wa forodha. Uganda nayo ina mfumo wake, EFRIS. Muulize mnunuzi wa huko ni hati gani mhasibu wake atazihitaji kabla hujafunga mzigo.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Mpe ankara mtu wa kikundi ambaye hakushiriki kwenye oda hiyo, aisome akiwa na LPO na hati ya kukabidhi mzigo mkononi. Mwambie akujibu maswali matano tuliyoanza nayo: nani anadai, nani anadaiwa, kwa kibali gani, mzigo umepokelewa, kiasi gani kilipwe wapi. Akikwama popote, mhasibu naye atakwama hapohapo. Rekebisheni kwanza, ndipo itumwe.